Barua kwa mwanangu: chumba cha michezo kianzie kwa asiyecheza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi ni wazima, na mama yako anawasalimu wote, hasa wajukuu zake.

Ujumbe wako nimeusoma taratibu. Unasema nyumba yenu ya Dodoma imefika kwenye plasta, na kile chumba cha ziada kati ya sebule na jiko, mita 4 kwa 3 na nusu, mmekubaliana kiwe chumba cha michezo cha familia. Mkwe wangu anataka meza ya pool, watoto wanataka televisheni na gemu zao, wewe unataka keram, karata na bao. Unaniuliza kama seremala: asikilizwe nani?

Msikilizeni kwanza yule ambaye hatacheza.

Tazama barazani kwetu jioni. Wanaocheza bao ni wawili tu, lakini wamezungukwa na watu wanane au tisa. Huyu anashauri bila kuombwa, yule ana kahawa yake, mwingine kaja kumsubiri mtu. Mchezo unanoga kwa sababu yao. Hilo nilikuwa naliona kila siku, na bado nilipojenga kile chumba cha uani, wewe ukiwa darasa la tatu, nikalisahau. Niliweka meza ya keram niliyoichonga mwenyewe kwa mninga, na viti vinne. Nilikionea fahari sana. Haikupita miezi mingi mkarudi kuchezea barazani, na chumba kikawa stoo ya mbao. Miaka yote hii nilidhani mliichoka keram.

Juzi, baada ya ujumbe wako, nikamwuliza mama yako. Akasema, “Ulitengeneza viti vinne. Mimi ningekaa wapi?” Kumbe alikuwa jikoni anasikia vicheko vyetu, anauliza nani kaitia ile kete nyekundu, na hakuna anayemsikia. Nanyi mlirudi barazani kwa sababu pale yeye alikuwepo, anachambua mchele pembeni yenu. Maneno hayo yameniuma, mwanangu, na ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kwa hiyo anza na baraza ndani ya chumba. Lizunguke kuta mbili zinazokutana kwenye kona. Upande mmoja upana uwe inchi 20, wa kukaa. Upande wa pili inchi 28, ili mtoto aliyechoka ajilaze na mgeni aegemee mito. Kimo, pamoja na sponji, kiwe inchi 17 au 18, kisipungue hapo, maana wazee hatupendi kuzama chini. Chini ya baraza weka masanduku yenye vifuniko, ndimo zitakamokaa karata, dhumna na nyaya za watoto. Soketi zikae juu ya usawa wa baraza, la sivyo zitafichwa na mito. Mwambie fundi umeme leo, kabla plasta haijapigwa.

Na ukuta wa jikoni utobolewe dirisha la futi 3 kwa 2 na nusu, lisilo na kioo. Fundi ujenzi aweke lenta juu yake, asitoboe tu. Anayepika aone, aulize, ajibiwe, na apitishe sahani ya mihogo bila kuzunguka nyumba.

Kuhusu pool, mweleze mkwe wangu kwa upole, maana najua anavyoupenda. Fimbo yake ina karibu sentimita 145. Hata meza ndogo ya futi 7 ina uwanja wa kama mita 2 kwa 1, na kila upande mchezaji anahitaji mita moja na nusu ya kurudisha mkono. Hapo tayari unataka chumba cha mita 5 kwa 4. Kwenu atakuwa anagonga ukuta kwa kila pigo. Akipata veranda pana baadaye, nitakuja kumsaidia kuisawazisha.

Keram inaingia vizuri. Uwanja wake ni sentimita 74 kila upande, na mbao za pembeni zinaufikisha kama 90. Isogezeni karibu na kona, wachezaji wawili wakae barazani palepale, wawili kwenye vigoda. Chini yake nitatengeneza meza imara. Ubao ukiondolewa, mnacheza dhumna na karata hapohapo. Msinunue meza ya kioo. Dhumna isiyopigwa mezani haina raha.

Ila kelele mjihadhari nazo. Vigae, plasta na jipsam vyote vinarudisha sauti, na watu wakianza kupiga kelele ili wasikike, yule asiyecheza ndiye wa kwanza kuondoka. Tandika zulia, weka mapazia mazito. Sponji za baraza nazo zitameza sehemu.

Taa moja ining'inie katikati juu ya meza, kama futi 3 kutoka usawa wake, yenye kivuli cha kuzuia mwanga usipige machoni. Ukiweka taa nyuma ya mchezaji, kivuli cha mkono wake kitafunika kete. Panga boi lisikae juu ya meza, litawapeperushia karata. Feni ya ukutani inatosha, na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe. Televisheni isitazamane na dirisha la nje wala isilipe mgongo. Iwe kwenye ukuta wa pembeni, ionekane na aliyejilaza.

Bao usinunue. Lile la babu yako bado lipo, mashimo 32, na nyumba zake mbili, yale mashimo ya mraba, hazijalika. Kete ni zile zile komwe, nimezihesabu jana usiku na mama yako: 64 kamili. Nitalituma kwa basi pamoja na mbao za baraza, lakini siwezi kukata chochote kabla hujanipimia. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya dirisha la nje, pima na upana wa mlango, kisha unitumie kabla ya Ijumaa. Na umwulize mama mkwe wako anapenda kukaa upande gani.

Baba yako