Kobe wa maji anataka kamba tu, na macho yamevimba

SWALI: Habari za kazi ndugu mtaalamu. Sisi tuko Columbus, Ohio, miaka minne iliyopita mjomba wa watoto aliwanunulia kobe wa maji, yule mwenye alama nyekundu nyuma ya macho, alikuwa kadogo anaenea kiganjani, sasa gamba limefika sentimita 15 hivi. Chakula chake ni kamba wakavu wa kopo, anawapenda hatari, na ile letasi nyeupe ya duara, siku nyingine watoto wanamtupia nyama ya kusaga. Wiki hii macho yamevimba mpaka yamefunga na hataki kula. Nimpe nini jamani? (Mama wa wawili)

JIBU: Pole sana dada. Kwa kobe aliyelelewa na kamba wa kopo, macho yakivimba hivyo kinachoshukiwa kwanza ni upungufu wa vitamini A, na maji machafu huwa yanachangia, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa wanyama anayetibu reptilia, piga simu kwanza uulize maana wengine ni wa mbwa na paka tu. Na tafadhali usinunue matone ya vitamini ukamkadiria mwenyewe, vitamini A ikizidi inadhuru, inaweza kumchubua ngozi. Kutokula kwake sio jeuri, haoni, na huyu anatafuta chakula kwa macho.

Sasa menyu. Kamba wakavu kwake ni kama krispi kwa mtoto, atazila mpaka kesho lakini hazijengi mwili. Letasi ile ya duara ni maji tu. Nyama ya kusaga ndio mbaya kuliko zote, ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna, wakati kobe anatakiwa apate kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi, asipoipata anaanza kuinyonya kwenye mifupa yake mwenyewe na gamba linalainika.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui, huyu kobe anabadilika na umri. Akiwa mdogo ni mwindaji, wadudu, viluwiluwi, konokono, anahitaji kula kila siku, akikua anageuka mla majani zaidi. Wako yuko njiani kugeuka. Akishatibiwa mpe peleti, yaani vidonge vya chakula kikavu, za kobe wa maji (sio za samaki) kila baada ya siku mbili, kiasi kinacholingana na ukubwa wa kichwa chake bila shingo, na majani kila siku. Majani gani? Utacheka, sukuma wiki! Hiyo hiyo ya nyumbani, huko supamaketi imejaa. Ongeza karoti iliyoparuzwa na boga, hizo ndizo zitamsaidia na vitamini A siku za mbele. Spinachi mara moja moja tu, ina oksaleti inayoshikilia kalsiamu isitumike. Tupia pia kwenye maji ule mfupa mweupe wa dome (mnyama wa baharini, ndugu wa ngisi) wanaouziwa wenye kasuku, atakuwa anautafuna mwenyewe.

Majani atayagomea, nakuambia mapema. Wangu aliyaangalia wiki mbili nzima kama mtoto aliyewekewa mlenda. Weka asubuhi akiwa na njaa, peleti zije jioni, na kamba usizifute kabisa, mbili tatu kwa wiki kama zawadi. Mlishe ndani ya maji maana nchi kavu hawezi kumeza vizuri. Na hata umpe menyu ya hotelini, bila taa ya UVB, ile inayotoa miale kama ya jua, kalsiamu haitumiki mwilini, na maji yakishuka chini ya nyuzi 24 za Selsiasi tumbo linakuwa zito, anaacha kula.

La mwisho, huko Marekani tangu 1975 ni marufuku kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4 kama wa kufuga, sababu watoto walikuwa wanaugua salmonela, kwa hiyo huyo alivyokuja anaenea kiganjani mjomba aliuziwa kimagendo. Watoto wanawe kwa sabuni kila wakimshika, na tangi lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

SWALI: Vijana wangu wameokota kobe kwenye bwawa la shamba huku Kitui, wamemweka kwenye beseni. Tumlishe nini? (Baba, Kitui)

JIBU: Mzee wangu, usimlishe, warudishe vijana wamwachie kwenye bwawa lile lile walilomtoa. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na kobe wa mabwawani huyo anajua kujitafutia wadudu, vyura na konokono. Bwawa likikauka msihangaike naye, anajichimbia kwenye tope anasubiri mvua. Wakimbeba wamshike mbali na nguo, akiogopa anatoa harufu ambayo haitoki kwa sabuni moja.