Ndege wa Ghuba ya Tanga: Maswali Yenu ya Msimu wa Vuli

Upepo wa kusi umekata, vuli imeanza manyunyu yake, na kama ilivyo ada maswali yameingia wakati mmoja na ndege wenyewe. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Aliyeuliza bei ya darubini anisamehe. Ashuke mjini akaulize dukani.

"Kila Novemba kerengende wanajaa kiwanjani kwetu, wengi mno, kisha wanatoweka. Mama mkwe anasema ndio wanaoleta mvua. Mwalimu wa mwanangu anasema hiyo ni imani potofu. Nani mkweli?" — Baba wa watoto watatu, Ngamiani

Mama mkwe yuko karibu zaidi na ukweli, ila ameushika kwa mkia. Kerengende hawaleti mvua. Wanasafiri nayo.

Huyo unayemwona, wa rangi ya manjano iliyokolea kuelekea kahawia, asiyependa kutua, ni mdudu msafiri kuliko karibu wadudu wote wanaojulikana. Jike hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na dimbwi la mvua halina dhamana, kesho limekauka. Kwa hiyo watoto wake hukua upesi ndani ya maji, wiki sita hivi, wakatoka na mabawa. Wakishatoka hawana sababu ya kubaki, maana mvua inahama, nao wanahama nayo. Mvua za India zinapokwisha mwezi wa Septemba na Oktoba, upepo unaanza kugeuka kuelekea kwetu. Kerengende wanapanda juu sana, wanauacha upepo uwabebe.

Aliyeliona jambo hili vizuri ni Charles Anderson, mwanabiolojia wa bahari aliyeishi visiwa vya Maldives. Alijiuliza swali rahisi: hivi visiwa havina mito wala maziwa, sasa hawa kerengende wanaofika kwa maelfu kila Oktoba wamezaliwa wapi? Mwaka 2009 akatoa hoja yake kwamba wanavuka Bahari ya Hindi kutoka India kuja Afrika Mashariki, na Maldives ni kituo tu cha njiani. Wanaorudi huko wakati wa kusi si hawa waliokuja. Ni watoto na wajukuu wao, kwa sababu hakuna hata mmoja anayeishi muda wa kutosha kumaliza safari nzima kwenda na kurudi.

Sasa inua macho juu ya hao kerengende. Katika wiki hizohizo, Novemba na Desemba, hupita kozi wadogo wenye miguu ya rangi ya chungwa. Hao ni kozi wa Amur, wanaozaliana kaskazini mwa China na mashariki ya Urusi, wakapumzika kaskazini mashariki mwa India, halafu wakavuka bahari, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua. Kozi anakula wadudu, na wengi wa wataalamu wanaamini kwamba hao kerengende ndio chakula chake cha njiani. Yaani riziki yake inaruka pamoja naye. Akifika huku anakuta kumbikumbi wametoka ardhini kwa mvua ya vuli, anajaza tumbo, anaendelea kusini.

Majahazi ya Uarabuni na India yalikuja Tanga na Pangani kwa upepo uleule wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Nahodha, kozi na kerengende wote walikuwa na kalenda moja. Ukitaka kujua ndege gani yuko ghubani leo, tazama kwanza bendera ya mashua inapepea upande gani, kitabu cha ndege kifunue baadaye. Mwambie hivyo na mwalimu, kwa upole.

"Maji yakikupwa huku kwetu naona ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanakula kaa. Nyuma yao kuna wa kijivukijivu wanawafuata wakilialia. Ni watoto wao? Mbona miaka yote sijaona kiota?" — Mvuvi, Mwambani

Kaka, umetazama vizuri, na kiota hutakiona Tanga hata ukitafuta mpaka kiyama. Wavuvi wengi humtia ndege huyu kwenye jina moja la kitwitwi pamoja na wenzake wote wanaokimbia kando ya maji, lakini yeye, ambaye kwa Kiingereza huitwa crab plover, ni wa peke yake. Anazaliana wakati wa jua kali, kuanzia Aprili hadi Agosti, kwenye fukwe na visiwa vya mchanga vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani ya Somalia. Anachimba shimo refu mchangani na kutaga humo ndani yai moja tu, jeupe. Katika jamaa yake yote ya ndege wa pwani hakuna mwingine anayezaa shimoni. Mchanga uliopigwa na jua unalipatia yai joto, ndiyo maana mzazi anaweza kuliacha kwa saa nyingi akaenda kutafuta kaa.

Hao wa kijivu wanaolia ni watoto kweli. Mtoto wa ndege wa pwani kwa kawaida hujitafutia chakula tangu siku za kwanza. Huyu wa kwako hapana: anatoka Uarabuni na mzazi wake, anavuka nchi kadhaa kwa mabawa yake mwenyewe, akifika Tanga bado anadai kulishwa. Nimewahi kumtazama mmoja mkubwa wa mwili akimfuata mama yake kutoka mwamba hadi mwamba mpaka akapewa mguu wa kaa. Kumvunja kaa ni ufundi, na ufundi haufundishwi siku moja, lakini hata hivyo nilimwonea huruma yule mzazi.

Kutoka Agosti mpaka Aprili wapo. Msiwafukuze na mbwa wakati maji yamejaa, kwani huo ndio muda wao wa kupumzika.

"Sululu, wale ndege wenye mdomo mrefu uliopinda, wanaondoka Aprili, sawa. Lakini Juni hii nimewaona wanne pale tope la mikoko. Wamepotea?" — Kijana wa Sahare

Hawajapotea. Ni wadogo, hawajafikia umri wa kuzaa, na kwao Siberia au Ulaya ya kaskazini hawana shughuli mwaka huu. Safari ile ni ya hatari na inakula mafuta ya mwili, kwa nini waifanye bure? Wanabaki hapa kusi nzima, na manyoya yao yaliyochakaa utayatambua.

"Mimi ni mgeni Tanga, nina darubini ndogo. Niende wapi na saa ngapi? Nilijaribu Raskazone saa kumi jioni nikaona maji matupu." — Nesi, Chumbageni

Karibu Tanga, dada. Raskazone hukukosea. Ulikosea saa.

Kwetu pwani, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Ulipofika saa kumi bahari ilikuwa imefika ukutani, na ndege walikuwa wamejificha kwenye mikoko na mafungu ya mchanga kusubiri.

Fanya hivi: chagua siku mbili tatu kabla ya bamvua. Maji makavu yataangukia asubuhi, saa mbili hivi. Fika saa tatu, yanapoanza kupanda, ukae mahali pamoja jua likiwa mgongoni. Kosa la wengi ni kuwafuata ndege tope lote maji yakiwa mbali. Wewe tulia. Bahari bamvua inapanda zaidi ya meta 3, na kila inavyosogea inawasukuma ndege kuja kwako, wakiwa na haraka ya kula kabla meza haijafunikwa. Siku za maji mafu, yaani bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, sehemu kubwa ya tope haifunuki, bora upumzike nyumbani.

Ukichoka na bahari, nenda upande wa Amboni, Mto Sigi. Hapo utampata mdiria mwenye mdomo mwekundu mzima, juu na chini, mpenzi wa mikoko. Usimsubiri avue samaki. Mara nyingi yeye anataka kaa na panzi. Mto huo ndio unaotunywesha mji mzima kupitia bwawa la Mabayani, na maji yake yanatoka milima ya Usambara Mashariki, kwenye msitu wa Amani. Masika ikiwa kali utayaona yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na ndege wanaovua kwa macho wanahamia mahali pengine mpaka yatakate.

Angalizo moja: darubini na kamera usizielekeze kwenye magati ya bandari. Hilo ni eneo la ulinzi, na kumweleza askari kwamba unatafuta ndege ni mazungumzo marefu.

"Shikamooni. Enzi zetu meli zilitia nanga mbali, tishari ndizo zilizoleta mizigo gatini. Ndege weupe wenye kishungi cheusi walijipanga juu ya tishari kama askari. Bandari imechimbwa, meli zinafunga gatini. Wale ndege wamekwenda wapi? Na bomba la mafuta la Uganda linaloishia Chongoleani, litawafanyaje?" — Mstaafu wa bandari

Mzee wangu, mimi ndiye wa kukupa shikamoo. Hao ni buabua, na ni wa aina mbili waliokuwa wakichanganyika: mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, na mkubwa wake kidogo mwenye mdomo wa manjano. Watu huwaita shakwe, lakini shakwe ni mnene, na wale wakubwa wenye mgongo wa kijivu cheusi wanakuja kwetu kaskazi tu, wakitokea Urusi ya kaskazini.

Buabua hakuipenda tishari kwa ajili ya tishari. Anachotaka ni mahali pakavu palipozungukwa na maji, paka na panya wasipofika, na penye nafasi ya kutazama samaki. Lango la bandari lilipochimbwa kutoka kina cha meta 3 hadi 13, kazi ya tishari ilipungua, buabua wakahamia kwenye maboya, kwenye mashua za uvuvi zilizolala nanga na kwenye mafungu ya mchanga. Tazama boya lolote lenye chokaa nyeupe juu yake. Chokaa hiyo ni mavi yao.

Umegusia pia Chongoleani na bomba la kilomita 1,443 kutoka Uganda. Maoni yangu: meli na mataa ndege watayazoea, mafuta hawatayazoea kamwe. Tone likishika manyoya ya buabua, maji yanapenya mpaka kwenye ngozi, anapata baridi katikati ya bahari ya joto, na akijisafisha kwa mdomo anayameza. Kwa hiyo mtu akikuuliza maswali ya Chongoleani, muulize na yeye: siku mafuta yakimwagika, nani yuko tayari, na kwa vifaa gani, na kwa saa ngapi?

"Kunguru wa soko la samaki la Deep Sea wamezidi, wanapora samaki kwenye beseni. Sumu gani inafaa?" — Mama muuza samaki

Hakuna, mama, kwa mkono wako mwenyewe hakuna. Sumu utakayotega itaua paka wa jirani na kuku wa watu kabla ya kunguru, kwani kunguru ana akili.

Anayewasumbua ni kunguru wa India, yule mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale takataka, akavuka bara. Yule wetu wa asili ana kifua cheupe, na mgeni amemsukuma nje ya mji. Mgeni huyu anakula mayai na makinda ya chozi, shore na kila ndege mdogo. Bustani yenye kimya asubuhi mara nyingi ni kazi yake. Zanzibar waliwahi kuwapunguza sana miaka ya 1990, juhudi zikalegea, wakarudi. Kuwaua ni kazi ya serikali yenye wataalamu na mpango wa miaka.

Kazi yetu ni matumbo ya samaki. Yanapoachwa wazi sokoni, kila tumbo ni kinda la kunguru linalokua. Pipa lenye kifuniko, wavu juu ya beseni, na kuvunja viota kabla ya mayai kuanguliwa.

"Mwanangu ameokota ndege aliyekufa, mguuni ana pete ya bati yenye namba. Majirani wanasema ametumwa. Tumfanyeje?" — Mama, Amboni

Hakutumwa na mganga. Alikamatwa mahali fulani na wataalamu, akavishwa pete, akaachiwa. Herufi zinataja kituo: MOSKWA ni Urusi, SAFRING ni Afrika Kusini. Namba ni yake peke yake. Piga picha pete ikisomeka, andika tarehe na mahali ulipomkuta, kisha tafuta jina la kituo mtandaoni na utume taarifa. Usimshike kwa mikono mitupu kwa ajili ya magonjwa. Mfukie, mnawe kwa sabuni.

Na msijione wajinga kwa hofu hiyo. Mwaka 2011 Saudi Arabia walimzuia tumbusi mwenye alama za Chuo Kikuu cha Tel Aviv, akatuhumiwa ujasusi, mpaka mkubwa mmoja akaingilia kati akaachiwa.

"Nyangumi wanaingia ghubani?" — Mwanafunzi

Mara chache sana. Wanapita nje ya miamba kuanzia Julai hadi Oktoba, wakitoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya moto. Ndama anazaliwa na urefu wa meta 4 hivi. Wakati wa kusi muulize mvuvi anayevua nje usiku, huwasikia wakipumua.

"Jirani amemkamata ndege mwari, amemfunga kamba, anamlisha dagaa. Watoto wanafurahi. Kuna ubaya?" — Msomaji, Mikanjuni

Upo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa kumshika au kumfuga, na jirani yako hana. Mwambie kabla hajaambiwa na mwingine. Kama bawa ni zima, amfungulie alfajiri kando ya maji, mbali na mbwa. Kama limevunjika, amweke ndani ya boksi penye giza, asimwagie maji mdomoni, na ampigie simu afisa wanyamapori wa wilaya leo.