Maswali ya Wasomaji: Gesijoto, Jiwe la Pongwe na Bahari ya Tanga

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba gesijoto ni zile gesi za angani zinazochelewesha joto la ardhi lisitoke upesi kwenda anga za juu, na tukawaomba wasomaji watuandikie. Barua nyingi zimetoka mkoani Tanga, nasi tumezikusanya pamoja, kwa kuwa mkoa huo una viwanda, mashamba, mifugo na bahari, na karibu kila chanzo kikubwa cha gesi hizo kina mfano wake huko.

Ninaishi Pongwe, si mbali na kiwanda. Kila asubuhi vumbi jeupe limetanda juu ya mabati na majani ya migomba. Je, hiyo ndiyo gesijoto inayosemwa? (Msomaji wa Pongwe)

Siyo, ndugu yetu. Hizo ni chembe za jiwe lililosagwa. Zinadhuru mapafu na macho, na malalamiko yake yana mahali pake, yaani serikali ya mtaa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lakini si hizo zinazoongeza joto la dunia. Gesijoto inayotoka katika bomba lile lile la kiwanda ni hewa ukaa, ambayo haionekani wala hainuki, na hata siku ambayo bomba linaonekana safi kabisa, gesi hiyo huendelea kutoka kwa tani nyingi.

Tungependa kukaa kidogo juu ya swali lako, kwa sababu wengi hudhani kwamba hewa ukaa ya viwanda vya chokaa na saruji ni ya moshi tu, yaani inatokana na makaa ya mawe, gesi au mafuta yanayochomwa ili kulipasha tanuu moto. Kuna chanzo cha pili, nacho ni jiwe lenyewe. Jiwe la chokaa la Pongwe, Kiomoni na Amboni, ambalo ndani yake yamechimbika yale mapango mashuhuri, lilijijenga chini ya bahari katika enzi za Jurasiki, kutokana na mabaki ya viumbe vilivyochukua hewa ukaa iliyoyeyuka majini na kuifunga pamoja na kalisi. Jiwe hilo linapofikishwa kwenye nyuzi joto 900 hivi, kifungo hicho huvunjika: katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 56 hubaki kuwa chokaa, na kilo 44 huondoka zikiwa hewa ukaa. Anayepakua tanuu la chokaa anajua jinsi jiwe linavyotoka jepesi kuliko lilivyoingia. Uzito uliopungua ndiyo gesi yenyewe.

Kwa saruji, jiwe huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa hadi nyuzi 1,450 hivi, ndipo inapopatikana klinka, yaani mabonge magumu yanayosagwa kuwa saruji, na takriban asilimia 60 ya hewa ukaa inayotoka katika kazi hiyo ni ya jiwe, si ya moto. Ndiyo maana hata tanuu lingepashwa kwa umeme wa jua peke yake, sehemu kubwa ya gesi ingeendelea kutoka. Duniani kote saruji huchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, kiasi ambacho kinazidi cha usafiri wote wa ndege. Njia iliyo karibu zaidi ya kupunguza madhara hayo ni kupunguza klinka ndani ya mfuko wa saruji, kwa kuichanganya na majivu ya volkano au na jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa.

Tuongeze jambo moja ambalo hukuliuliza. Wazee wa pwani walichoma matumbawe kwa magogo wakapata chokaa ya kujengea, na magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, bado yamesimama kwa chokaa ya namna hiyo. Chokaa iliyozimwa kwa maji na kupakwa ukutani huwa ngumu kwa kuivuta tena hewa ukaa kutoka hewani, polepole, hadi inarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo kuta zile zilirudisha sehemu kubwa ya gesi iliyotolewa na jiwe tanuuni. Zege ya leo nayo hufanya hivyo, ila kwa kiasi kidogo zaidi na kwa miongo mingi.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu mjini Tanga. Tumefundishwa kwamba hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa yote. Kitu kidogo hivyo kinawezaje kuipasha dunia joto? Tena tunajuaje kwamba haitoki kwenye volkano? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ni sahihi, na swali lako ni la haki.

Nitrojeni ni asilimia 78 ya hewa na oksijeni ni asilimia 21, lakini gesi hizo mbili haziligusi joto linalopanda kutoka ardhini; linapita kana kwamba hazipo. Molekuli za hewa ukaa, methani na mvuke wa maji zimeundwa kwa namna inayoziwezesha kulinyonya joto hilo, kutikisika kwalo, na kulitoa tena kila upande, pamoja na kurudi chini. Mwanga wa jua huingia kwa urahisi na joto hutoka kwa shida, kama samaki na dema. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni kazi ya gesi, na wingi wa zile zisizofanya kazi hiyo hauhusiki. Bila gesijoto kabisa, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 hivi, na hapo Tanga yetu isingekuwa na mnazi hata mmoja. Jambo hili si geni: Mmarekani Eunice Foote alilionyesha kwa chupa za kioo na jua mwaka 1856, na John Tyndall akalipima maabara, huko London, mwaka 1859.

Shida basi ni nyongeza. Kabla ya viwanda vya makaa ya mawe kuenea, katika kila molekuli milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Mwaka 1958, upimaji wa kudumu ulipoanza katika mlima Mauna Loa huko Hawaii, zilikuwa 315. Leo zimezidi 420, yaani nyongeza ya nusu nzima ya kile kiwango cha mwanzo.

Ama volkano, zote kwa pamoja hutoa chini ya moja kwa mia, yaani chini ya asilimia 1, ya kile binadamu anachotoa kwa mwaka. Tena kaboni, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya hewa ukaa, ina alama zake. Mimea iliyo hai ina kiasi kidogo cha kaboni-14, aina ya kaboni ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 5,730, kwa hiyo makaa ya mawe na petroli, ambavyo vimezikwa kwa mamilioni ya miaka, havina hata chembe yake. Wanasayansi waliona sehemu ya kaboni-14 angani ikipungua tangu zama za viwanda zilipoanza, hadi majaribio ya mabomu ya nyuklia yalipoiongeza kwa muda katikati ya karne ya 20, na oksijeni nayo ikipungua kwa kadiri inayolingana na kitu kinachochomwa. Volkano haitumii oksijeni.

Serikali inatuhimiza tupikie gesi ya mtungi, na huku tunaambiwa gesi zinaharibu tabianchi. Tufuate lipi? Mimi ni mama lishe, natumia mkaa. (Msomaji wa Ngamiani)

Dada yetu, jina moja limebeba vitu viwili. Gesi ya mtungi ni propani na butani, na ikiungua hutoa hewa ukaa na mvuke. Hewa ukaa hiyo ni ya kaboni iliyokuwa imezikwa chini ya ardhi, kwa hiyo ni nyongeza kweli. Mkaa ni mti, na kaboni yake mti uliitoa angani miaka michache iliyopita. Kama mti mwingine ungeota mahali pake, hesabu ingekaribia kujifunga.

Lakini hebu tutazame gunia lenyewe. Katika tanuu la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa, na kwa kuwa kuni zile huungua kwa kunyimwa hewa, tanuu hutoa methani na moshi mwingi kuliko moto wa kawaida. Wachoma mkaa wachache husubiri mti mwingine uote. Mara nyingi pale hulimwa shamba. Msitu ukiondoka, kaboni yake haina pa kurudi. Ukiongeza moshi unaouvuta wewe mwenyewe ukiwa umeinamia jiko tangu alfajiri, jibu letu ni mtungi, bila kusita. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Hofu yetu ni bei ya kujaza mtungi, ambayo kwa mtu anayenunua mkaa wa kupima kwa kopo ndiyo inayoamua, wala si elimu ya tabianchi.

Je, ni kweli ng'ombe wangu wa maziwa wanachangia kuharibu hali ya hewa? (Mfugaji, Muheza)

Ni kweli, ingawa si kwa njia ambayo watu huifanyia mzaha. Methani ya ng'ombe hutoka zaidi mdomoni, anapocheua, kwa sababu vijidudu vya tumboni mwake huitengeneza wakati wa kumeng'enya majani. Methani haikai muda mrefu angani, kama miaka 12 hivi, lakini katika kipindi cha miaka 20 huongeza joto kwa zaidi ya mara 80 ya uzito ule ule wa hewa ukaa. Ng'ombe anayelishwa vizuri hutoa methani kidogo zaidi kwa kila lita ya maziwa kuliko yule anayekula majani makavu na kukamuliwa lita mbili, kwa hiyo maslahi yako na ya tabianchi hapa hayagombani. Samadi usiilundike ikalowa na kukosa hewa. Humo nako methani huzaliwa.

Jirani zako wa mkonge wana habari kama hiyo kwa ukubwa zaidi. Jani la mkonge likipita katika korona, yaani mashine ya kutenga nyuzi, sehemu ya nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, na majimaji na nyama ya jani vilivyobaki vikirundikwa huoza na kutoa methani. Huko Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kuyavundisha mabaki hayo ndani ya matangi, gesi yake ikaendesha jenereta. Methani iliyochomwa hugeuka hewa ukaa iliyotoka kwenye mkonge wenyewe, na hivyo madhara yake yanapungua mno. Tunaona ajabu kwamba mitambo ya namna hiyo haijaenea katika kila shamba la mkonge.

Sisi akina mama wa Mkinga tunalima mwani. Ile aina nene yenye bei nzuri inakuwa nyeupe, inalainika na kukatika kwenye kamba. Wengine wanasema ni tabianchi, wengine wanasema ni mbegu imechoka. (Mkulima wa mwani)

Poleni, bibi. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na tusingependa kuisukumia tabianchi kila hasara.

Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalozuiwa na gesijoto limeingia baharini. Kotonii, ile aina nene, hupandwa katika maji ya kina kifupi, na mchana wa bamvua, maji yanapokupwa sana msimu wa kaskazi, yale yanayobaki juu ya mchanga hupata moto kupita kiasi. Mwani ukishadhoofika kwa joto, bakteria waliokuwa juu yake huushambulia. Matawi hupauka, hulainika, kisha hukatika kama mlivyoeleza. Chumvi ikishuka ghafla, kwa mfano mto Umba unapofurika, hali huwa ile ile. Na mbegu iliyokatwa kutoka mmea mmoja mwaka baada ya mwaka kweli hupoteza nguvu, ikawa rahisi zaidi kudhurika. Spinosamu huvumilia joto kuliko kotonii, lakini bei yake ni ndogo, nanyi mnalijua hilo kuliko sisi.

Joto hilo hilo ndilo lililoyafanya matumbawe ya pwani yetu yapauke mwaka 1998 na tena 2016. Hata mvua haiko nje ya habari hii: hewa iliyopata joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mwishoni mwa 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipopata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli ilikuja na mafuriko. Tofauti hiyo ya joto baina ya pande mbili za bahari ilikuwapo tangu zamani. Kinachoongezeka ni maji yanayobebwa na mawingu yake.

La kufanya sasa ni kuhamisha sehemu ya kamba kwenye kina ambacho hakikauki hata kwenye bamvua, jambo linalodai mtumbwi na watu wanaojua kuogelea. Ombeni pia mbegu mpya kupitia afisa uvuvi wa wilaya, mzitenge kwenye kamba zenu wenyewe kabla ya kuzichanganya na za zamani, na mvune mapema msimu wa joto unapokaribia.

Mimi ni fundi wa mafriji. Kabla ya kuchomelea bomba huwa naifungulia gesi itoke nje. Nimesikia inatoboa ozoni. (Fundi, Tanga mjini)

Inategemea friji. Gesi za kale, kama R-12, huharibu tabaka la ozoni, na zilipigwa marufuku kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R-134a iliyochukua nafasi yake haiigusi ozoni, lakini kilo moja yake hupasha joto zaidi ya kilo 1,000 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Gesi uliyozoea kuifungulia ivute kwa mashine ya kurejesha na kuihifadhi kwenye mtungi wake maalumu. Kama huna mashine hiyo, mafundi kadhaa mnaweza kuinunua kwa ushirika. Friji mpya nyingi zina R-600a, ambayo ni butani na haina madhara makubwa kwa tabianchi, ila hulipuka: soma kibandiko nyuma ya kompresa kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea.