Shangazi, penseli imeniwia nzito

*Shikamoo Shangazi. Tangu utotoni nachora sura za watu. Zamani nilikuwa nakesha mpaka penseli inabaki kipande cha kushikia kucha. Miaka miwili iliyopita watu wakaanza kunilipa, nikaacha kazi ya ofisini. Sasa hata kuchonga penseli naona taabu. Simu ikilia na oda, moyo unanidunda. Juzi mteja kanirudishia picha mara tatu, eti pua ipunguzwe. Mume wangu anasema nimebweteka. Kaka yangu kanionyesha piramidi ya Maslow, ile inayopanga mahitaji ya binadamu kuanzia chakula chini, anasema raha ya sanaa iko kileleni, nijaze tumbo kwanza. Kuna mchoro wa mama niliouanza kabla ya haya yote, umelala kwenye droo haujaisha. Nakula vizuri, nalala vizuri, na mashoga zangu bado tunacheka. Je, mimi ni mvivu? – Penseli Nzito*

Marahaba, mwanangu. Nimalizane kwanza na kaka yako. Abraham Maslow, mwanasaikolojia, aliandika habari za ngazi za mahitaji mwaka 1943, na makala ile haina piramidi hata moja; wameichora wengine baadaye. Tena humo humo alikiri kwamba wapo watu ambao hamu ya kuumba kitu inayapita mahitaji mengine yote. Kwa hiyo usikubali kupangiwa ghorofa.

Kilichokupata wewe kilishawapata watoto wa chekechea. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya Marekani kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, wote wapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe likichora. La pili lilichora tu, cheti kikaja kwa kushtukiza. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa mezani, anayetaka achukue. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa zawadi bila kuitarajia hamu yao haikupungua.

Sasa angalia hapo. Cheti chenyewe hakikuwa na sumu, maana kundi la pili nalo lilikipata. Sumu ilikuwa kwenye ile "ukichora, utapewa". Mtoto aliyekuwa anachora kwa kupenda akajikuta anachora kwa ajili ya cheti, na siku cheti hakipo, anachorea nini? Nawe miaka miwili hujashika penseli bila kuwa na mtu anayesubiri upande wa pili.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia waliolichimba jambo hili kwa miongo kadhaa, wanasema hamu ya ndani inakula vitu vitatu: kujiona unaweza, kuwa na watu wako, na kujiamulia. Uwezo unao, la sivyo wasingekulipa. Watu unao, tena mnacheka. Kilichokauka ni cha tatu. Mtu anayekuamulia pua amekunyang'anya zaidi ya pua. (Mimi mwenyewe nikiandikiwa "Shangazi, nijibu leo leo," barua hiyo huishia chini ya rundo.)

Uvivu sikuuona kwenye barua yako. Ungeniambia chakula hakipiti, usingizi umekimbia na hata hao mashoga umewachoka kwa wiki mbili na zaidi, ningekwambia weka barua chini uende kwa daktari. Lakini wewe kilichokuchachia ni kimoja tu.

Tuje kwenye moyo unaodunda. Mwaka 1962 wanasaikolojia Stanley Schachter na Jerome Singer waliwadunga watu adrenalini, ile kemikali inayoudundisha moyo, wakadai kwamba mwili hutoa mshtuko tu, na jina la mshtuko huo tunaliweka wenyewe kwa kutazama kinachotuzunguka. Waliojaribu kurudia jaribio lile hawakupata matokeo yale yale, kwa hiyo silimezi lote. Ila swali lake nalipenda: ule mdundo umeupa jina gani? Hukuuandikia jina, lakini nahisi umeuweka fungu la woga. Mimi nikisoma habari ya pua mara tatu, naona hasira. Na hasira dawa yake ni nyingine kabisa. Mwenye woga hupozwa. Mwenye hasira huweka mipaka. Andika masharti yako kabla ya kupokea hela: marekebisho mara moja, ya pili yanalipiwa, na sura unaichora unavyoiona wewe. Wapo watakaoondoka. Waache.

Kazi usiache, wala pesa usizionee haya. Mumeo mpe barua hii aisome mpaka kwa wale watoto. Akitaka kukusaidia, akusifie mchoro wenyewe kwa kilichomgusa, kwa sababu Deci huyo huyo mwaka 1971 aliona kwamba pesa ziliwapunguzia wanafunzi hamu ya kucheza na mafumbo, lakini sifa hazikuwapunguzia.

Halafu kuna mama kwenye droo. Mtoe wiki hii. Usimpangie siku ya kumaliza, usimpige picha, usimtume kwa mtu. Siku ukimchora jicho moja tu ukachoka, mrudishe alale. Na mtu akichungulia begani akauliza bei, funika karatasi.

Shangazi yako