Msingi, asasi na jiwe

SWALI: Fundi wangu husema "msingi", mwalimu wangu "asasi". Ni kitu kimoja? Na "jiwe" nalo ni la Kiarabu?

JIBU: Asasi ndiyo ya Kiarabu, kutoka "asās", yaani msingi. Ukoo huohuo umetuzalia mwasisi, kuasisi, hata taasisi. Lakini usimwambie fundi akuchimbie asasi. Atakutolea macho, huku jembe mkononi!

Jiwe ni la Kibantu. Ji- ni kiambishi, mzizi ni -we tu, mfupi mno kusimama peke yake. Ndiyo maana hata katika "kijiwe" ji- imeng'ang'ania. Kwenye wingi inampisha ma-: mawe. Washona husema mabwe. "Dzimba dza mabwe", nyumba za mawe, ndiyo Zimbabwe.