Kwa nini Petrosian alitoa ngome bila kutafuta mati?

Swali (kutoka Kadutu, Bukavu): Jambo Mwalimu. Nimeurudia kwenye ubao mchezo wa sataranji (chess) wa Reshevsky na Petrosian, Zürich 1953. Hatua ya 25, Petrosian anaiweka ngome yake mraba wa e6 (safu ya e, mstari wa 6), mahali ambapo askofu wa mwenzake anaila tu. Sioni mati (mfalme kunaswa asiwe na pa kukimbilia), sioni shambulio, na mwisho ni sare. Kwa nini wajuzi wanaisifu hatua hii? Nami niige? Aksanti.

Jibu: Jambo mdogo wangu. Nitasema ngome, askofu na askari kwa zile kete tunazoziita tour, fou na pion tukicheza hapa mjini, ili wasomaji wa nchi jirani nao watufuate.

Wewe umetafuta mati. Petrosian alikuwa anatafuta mahali pa kumkalisha farasi. Panga kete upya, ukae upande wa weusi. Mbele yako wamesimama askari wawili weupe, d4 na e5, bega kwa bega, na ngome zao ziko nyuma zikingoja njia. Wakisonga, umekwisha. Mraba unaoweza kuwagandisha wote wawili ni d5, na farasi wako yuko c6. Apite wapi? Apite e7. Na e7 imekaliwa na nani? Na ngome yako mwenyewe! Ukiihamishia pengine, askari wa e5 anakanyaga e6 na boma lako linapasuka. Ndiyo maana ngome ikaenda e6 yenyewe: inamziba askari yule, na inamwachia farasi njia.

Reshevsky alitanguliza a4, farasi akaja e7, ndipo askofu wa g4 akala ngome na askari wa f7 akamla. Farasi akakaa d5. Hapa ndipo nakuomba usimame kidogo. Askofu aliyekula ngome ndiye askofu pekee wa weupe aliyetembea kwenye miraba myeupe, na sasa hayupo. Nani atamfukuza farasi? Askari wa c3 hawezi, kwa sababu c4 kuna askari mweusi. Askofu aliyebaki, wa b2, amefungiwa na askari wake mwenyewe c3, d4 na e5. Tumefundishwa kwamba ngome ina thamani ya 5 na farasi 3, lakini hesabu hiyo inataka njia wazi, na hapa njia hazipo. Reshevsky, mchezaji hodari sana, aliona hivyo hivyo: hatua ya 30 alitoa ngome yake ili amuondoe askofu mweusi aliyetua d3. Wakakubaliana sare hatua ya 41.

Ninyi wa Kadutu mnajua kujenga kwenye mteremko. Fundi mzuri huchimba mfereji wa maji kabla ya kuinua ukuta, hangoji mvua. Petrosian alicheza hivyo: aliuliza mwenzake anataka nini, akaziba mapema. Kwa mtindo huo alimshinda Botvinnik mwaka 1963 akawa bingwa wa dunia, na mwaka 1966 akautetea ubingwa mbele ya Spassky, aliyekuja kumng'oa mwaka 1969.

Wengi humwita mchezaji wa kuchosha. Sare zake fupi zipo nyingi, sikatai, na hizo usiige. Lakini tazama mchezo wa kumi wa ubingwa ule wa mwaka 1966: anatoa ngome kwa kete ndogo (askofu au farasi) mara mbili, kisha anamtupa malkia h8 mbele ya mfalme. Mfalme akimla, farasi anaruka f7 na kuwagusa mfalme na malkia kwa pamoja. Spassky akasalimu. Mimi naupenda mchezo huo kuliko mashambulizi mengi yanayosifiwa kwa kelele.

Kuhusu kuiga: kabla hujatoa ngome, kiweke kidole kwenye mraba unaotaka farasi akae, uniambie ni kete gani ya mwenzako inayoweza kumgusa hapo. Ukitaja hata moja, rudisha mkono. Tena hesabu safu zilizo wazi, yaani zisizo na askari. Ikiwepo moja ambayo ngome zake zitaingilia, mambo yanageuka. Jaribu na rafiki yako: mpe weusi baada ya farasi kufika d5, wewe ushike weupe wenye ngome ya ziada, utafute pa kupita. Chezeni mara tano au sita, mkibadilishana upande.