Mafuta kwenye ini: mama aache mawese kabisa?

Mkuu, umesema mama yako amekutwa na mafuta kwenye ini, sukari nayo imeanza kupanda, na unauliza kama aache mawese. Pole sana. Baba yangu mdogo, tunayeishi naye hapa Ujiji, ana tatizo hilohilo na mimi ndiye ninayempikia. Kwetu hakuacha, anapimiwa.

Kupima mawese kwa kijiko ni lazima. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya kuganda. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walichapisha matokeo ya vijana 39 waliolishwa keki za ziada kwa wiki 7, wengine za mafuta ya mawese, wengine za alizeti. Walinenepa sawasawa, ila wa mawese ndio waliojaza mafuta zaidi kwenye ini na ndani ya tumbo. Ini likishajaa hivyo haliitii vizuri insulini, homoni ya mwili inayoshusha sukari. Linaendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha, ndiyo maana mtu anaamka hajala kitu na kipimo kiko juu.

Lakini anayekwambia hamia alizeti umimine utakavyo anakupotosha. Gramu moja ya mafuta yoyote ina kilokalori 9, na kijiko kimoja cha chakula kinafika kama 120.

Sasa jikoni. Usimimine kutoka kwenye chupa, hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mimi naweka kijiko kimoja kwenye sufuria, nakaanga kitunguu moto mdogo, natia nyanya na chumvi kidogo, nafunika mpaka zirojeke, halafu dagaa waliokwisha kuoshwa kwa maji ya moto na maji kidogo ya mchuzi. Rangi inatoka nyekundu vilevile na harufu ya mawese ipo, mzee anakula bila kununa. Migebuka tunawapika chukuchuku au tunawachoma. Vya kukaangwa kwenye mafuta yaliyorudiwa, hapana kabisa.

Ugali wa muhogo nao upungue, mboga za majani ziongezeke, maana wanga ukizidi ini linaugeuza kuwa mafuta. Na atembee kila siku.

Kama tayari anatumia dawa za sukari, mwambieni daktari kabla ya kumpunguzia ugali. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla.